Mwaka Mpya Unaikuta Mbegu Tayari Ardhini

Kalenda inasema mwaka unaanza tarehe 1 Januari. Shamba la Ikungi lina hesabu yake. Mvua ikiwa imewahi, siku hiyo uwele umekwisha kuchomoza na mtama umetoa majani ya kwanza, na mwenye alizeti ama bado yuko nyuma ya plau akiwahi unyevu, ama amekaa mlangoni akihesabu siku tangu mawingu yalipoondoka. Wilaya hii ya mkoa wa Singida ina msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza kati ya mwisho wa Novemba na Desemba na kukoma Aprili. Chakula cha mwaka mzima hutoka katika miezi hiyo. Kwa hiyo saa sita usiku ya Desemba 31, kengele zinapolia na vigelegele vinapopaa, mkulima wa huku haanzi kitu. Yuko katikati ya safari. Alichokuwa nacho amekwisha kukitoa na kukifukia, wala hawezi kukirudisha.

Nataka kuanzia hapo kuzungumza juu ya kumtumaini Mungu, kwa sababu naona mikesha yetu mingi ya mwaka mpya imeanza kutufundisha kitu kingine kwa jina hilohilo la tumaini.

Wengi wanaoijua Ikungi wameiona kupitia dirisha la basi. Barabara kuu itokayo Dodoma na Manyoni kwenda Singida inaipitia, na wiki ya mwisho ya Desemba mabasi ya Kanda ya Ziwa hupita yamejaa watu wanaorudi kwao kula sikukuu. Wanaona kuku wa kienyeji walioinuliwa kandokando ya lami, vitunguu, viazi vitamu, madumu ya mafuta ya alizeti. Wengine wanaijua kwa siasa, kwa kuwa Tundu Lissu alizaliwa huku, Mahambe. Na tangu mwaka 2023 wapo wanaoijua kwa dhahabu, baada ya mgodi mkubwa wa Mang'onyi kuanza uzalishaji. Lakini toka kwenye lami, ingia Sepuka, Ihanja au Mungaa, uulize habari za huko mwezi Desemba. Utajibiwa habari ya mvua.

Fikiri mbegu ina maana gani katika nyumba ya Mnyaturu, mwenyeji wa huku, ifikapo Novemba. Mavuno ya Mei na Juni yamepungua. Uji wa watoto umekuwa mwepesi. Na humohumo ndani kuna uwele uliochaguliwa, umechanganywa na majivu ili wadudu wasiuguse, umewekwa mahali pa juu ambapo moshi wa jiko unaufikia. Watoto wanajua upo, na mama anajua kwamba wanajua. Punje zilezile ambazo zingeweza kuiongezea sufuria ya jioni ndizo zinazotakiwa kwenda kufukiwa, mahali ambapo sisimizi, kwale na panya wanazingoja, na ambapo mvua ya kwanza inaweza kuziotesha kisha jua la wiki mbili likazikausha zote. Wapo wanaopanda hata kabla ya tone la kwanza, kwenye vumbi, ili mvua ikija isiwakute wanatafuta jembe. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa msimu kabla ya mvua kuanza, nao ni msaada mkubwa kwa anayeuzingatia, lakini utabiri huzungumza juu ya mkoa na wastani wake. Hausemi shamba la nani litapata na la nani litakosa.

Mama yule anachukua mbegu, anaenda shambani. Kwangu mimi, ukitaka kujua kumtumaini Mungu ni nini, mtazame yeye kabla hujamtazama mhubiri. Amemkabidhi Mungu kitu halisi, kitu ambacho watoto wake wangeweza kukila jioni ile, na hakuna mtu aliyemwandikia hati kwamba kitarudi.

Sasa twende kanisani usiku wa Desemba 31.

Mimi ni mtu wa mkesha, na nautetea. Napenda namna kijiji kinavyokusanyika, wazee wakiwa wamejifunika mashuka, watoto wamelala juu ya kanga chini ya mabenchi, kwaya tatu zikipokezana mpaka sauti zinakauka. Napenda ushuhuda wa mtu aliyeugua mwezi Machi akadhani hatauona mwaka ukiisha. Desturi hii ni ya zamani katika Kanisa. Ndugu wa Moravian kule Herrnhut, Ujerumani, walikuwa wakikesha usiku wa kufunga mwaka tangu 1733, na John Wesley na Wamethodisti wake waliipokea desturi ya mkesha kutoka kwao. Wamoravian hao walifika Rungwe mwaka 1891, wakaenea mpaka Tabora, jirani zetu wa magharibi. Wakatoliki nao hufunga mwaka kwa wimbo wa kale wa shukrani, kisha huufungua kwa sherehe ya Maria Mama wa Mungu, siku ambayo tangu mwaka 1968 ni pia siku ya kuombea amani duniani. Hakuna kati ya hayo lililo baya. Yote yanamwambia mtu kwamba siku zake zina mwenyewe.

Linalonisumbua limekuja baadaye, na limeingia katika madhehebu karibu yote, hata yale yaliyokuwa yakijihesabu kuwa na utaratibu. Saa sita ikikaribia, mtumishi anasimama kutangaza jina la mwaka. Mwaka wa kuinuliwa. Mwaka wa mavuno. Mwaka wa kuvuka. Mwaka wa adui kuanguka. Watu wanaambiwa waliseme jina hilo mara saba, wamgeukie jirani wamwambie, waliandike, walibandike mlangoni. Kisha linakuja sharti: ili jina hilo litimie kwako, kuna sadaka ya kulifungua.

Kuchagua neno la kuishi nalo mwaka mzima si kosa. Herrnhut hiyohiyo imekuwa ikichapisha kila mwaka, tangu 1731, kitabu kidogo cha mistari ya Biblia ya kila siku, na mistari ile ya Agano la Kale hupatikana kwa kupigwa kura. Watu wa lugha nyingi duniani hukisoma asubuhi kabla ya kazi. Lakini hakuna anayeambiwa kwamba mstari wa Jumanne umetabiri Jumanne yake itakuwaje. Anapewa neno la kumshika mkono, siku iwe njema au mbaya. Jina la mwaka linalotangazwa siku hizi limegeuka kuwa taarifa ya mambo yajayo. Na mtu akishaambiwa kwa hakika mwaka utamletea nini, hana tena sababu ya kutumaini. Anabaki kusubiri apelekewe alichoahidiwa. Kisipofika, anajilaumu mwenyewe kwamba imani yake ilikuwa ndogo, au anamtafuta mchawi katika ukoo. Nimesikia lawama hizo mwezi Julai, midomoni mwa watu waliokuwa wakirukaruka Januari. Zinaniuma, kwa sababu walioumia ni watu wema, na waliowaumiza walifanya hivyo kwa jina la Bwana.

Biblia yetu inalijua jambo hili kwa karibu kuliko tunavyodhani. Fungua Yeremia sura ya 28. Baadhi ya watu wa Yuda wamekwisha kupelekwa uhamishoni Babeli, mfalme wao kijana pamoja nao, na vyombo vya hekalu vimechukuliwa. Hekaluni anasimama nabii mmoja, Hanania, mbele ya makuhani na watu wote, anatangaza kwamba ndani ya miaka miwili kila kitu kitarudi. Anamshika Yeremia, ambaye alikuwa amevaa nira ya mti shingoni kama ishara, anaivua na kuivunja. Hebu ufikirie umati ule. Ungekuwa usiku wa mkesha, spika zingepasuka kwa vifijo.

Jibu la kwanza la Yeremia ndilo linalonigusa. Alisema amina. Alitamani kwa moyo wake wote kwamba Hanania awe amesema kweli. Hakuwa mtu aliyefurahia habari mbaya. Lakini akakumbusha kwamba nabii anayetabiri amani hujulikana neno lake litakapotimia, kisha akaenda zake. Baadaye ndipo lilipomjia neno kwamba nira ya mti imevunjwa na mahali pake inakuja ya chuma. Hanania alikufa mwaka uleule, mwezi wa saba.

Kisha geuza ukurasa. Sura ya 29, barua ya Yeremia kwa wale waliopelekwa Babeli, ndimo ulimo mstari unaopendwa kuliko yote mwanzoni mwa mwaka, ule wa 11, ambamo Mungu anasema anayajua mawazo anayowawazia watu wake, nayo ni ya amani na ya kuwapa tumaini. Umechapwa kwenye kalenda za ukutani na kwenye kanga, umeandikwa nyuma ya daladala. Ni mstari wa kweli, nami nimeushika katika siku nzito. Lakini mara ngapi tumesomewa wa 10, ulio juu yake? Huo unasema miaka 70. Waliopokea barua ile wakiwa watu wazima hawakurudi kwao. Walizikwa Babeli. Mungu aliwaambia wajenge nyumba kule walikochukuliwa mateka, wapande bustani na kula matunda yake, waoe na kuoza, wauombee amani mji uliowateka. Ahadi ya tumaini walipewa pamoja na kazi ya kufanya katika nchi ambayo hawakuipenda, na utimilifu wake ukawekwa mikononi mwa watoto ambao wengine walikuwa hawajazaliwa. Ukiukata mstari wa 11 ukaubandika peke yake kwenye mlango wa Januari, umempa mtu maneno ya Yeremia yenye maana ya Hanania.

Na Yeremia mwenyewe alipanda mbegu yake. Sura ya 32 inamkuta amefungwa katika uwanja wa walinzi, Yerusalemu imezingirwa, adui yuko nje ya ukuta, na ndipo anaponunua shamba la binamu yake kule Anathothi kwa shekeli 17 za fedha. Anapima fedha kwenye mizani, anaita mashahidi, anaagiza hati zitiwe katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi. Shamba lenyewe lilikuwa mikononi mwa jeshi la Babeli. Mkulima yeyote wa Ihanja anayepanda kwenye vumbi anamwelewa mtu huyu bila kuhitaji mhubiri.

Najua jibu nitakalopewa: watu wana shida, wanahitaji kutiwa moyo, usiwanyang'anye tumaini lao. Nami nasema shida zao ndizo zinazonifanya niandike. Mwaka 2020, tarehe 1 Februari, mwezi mmoja tu baada ya mikesha, watu 20 walikufa Moshi kwa kukanyagana, wakikimbilia kupita juu ya mafuta ya upako waliyoambiwa yana baraka. Walikuwa wazazi na watoto waliotaka mwaka uwe tofauti na uliopita. Siwahukumu hata mmoja. Nawauliza viongozi wa makanisa, kwa machungu: tumewafundisha nini watu wetu, hata wakaamini kwamba Mungu ana nafasi chache na anayechelewa hazipati?

Kuna sababu nyingine ya kuogopa kumpangia Mungu mwaka. Hatujui tunachokiomba. Mwishoni mwa mwaka 2023 mikoa ya kati iliomba mvua, kama inavyoomba kila mwaka, na mvua ya El Niño ikaja kwa wingi. Alfajiri ya Desemba 3 tope na mawe yaliteremka kutoka Mlima Hanang yakaufunika mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walikufa. Katesh iko mkoa wa Manyara, kwenye barabara itokayo Singida kwenda Babati. Wapo wa kwetu waliozika ndugu kule. Mkesha wa mwaka ule ulikuja kabla makaburi hayajakauka. Mchungaji aliyesimama usiku ule mbele ya watu waliotoka kuzika angeuita mwaka jina gani? Nadhani kulikuwa na njia moja tu ya kusema ukweli: kukaa nao, kulia nao, kumwambia Mungu kwamba hatukuelewa, na kumwomba asituache. Zaburi zimejaa maombi ya namna hiyo. Mikesha yetu imekuwa na haya ya kuyatumia.

Lakini sitaki msomaji adhani nahubiri kukunja mikono na kupokea kila lijalo. Huo nao ni upotofu, na huku vijijini umetuumiza vilevile. Yapo mambo tunayoyaita mapenzi ya Mungu ambayo Mungu hakuyafanya. Chukua alizeti. Singida ni miongoni mwa mikoa inayoilisha nchi hii mafuta ya kula, na alizeti ndiyo fedha ya mkulima wa Ikungi: ndiyo bati, ndiyo sare za shule, ndiyo matibabu. Serikali ilihimiza watu wapande, na wakapanda. Mwaka 2023 bei ikaporomoka, wakulima wakilalamika kwamba mafuta kutoka nje yalikuwa yamefunguliwa mlango kwa kupunguziwa ushuru. Mvua haikuwa na hatia katika jambo hilo. Mtu alimtumaini Mungu, Mungu akampa mazao, na mavuno yakakosa thamani kwa maamuzi ya watu waliokaa mezani. Kumwambia mkulima huyo asali zaidi na kutoa zaidi ni kumtwisha Mungu mzigo ambao si wake.

Yakobo, katika waraka wake, anawakemea wanaosema leo au kesho tutakwenda mji fulani, tutafanya biashara mwaka mzima na kupata faida, hali hawajui ya kesho. Anawafundisha waseme Bwana akipenda. Waislamu wa Ikungi, ambao ni majirani zetu, na mara nyingi ni wajomba na shangazi zetu, hawahitaji kukumbushwa jambo hilo. Insha Allah iko midomoni mwao kutwa. Lakini Yakobo huyohuyo, mistari michache mbele, anawageukia matajiri waliozuia ujira wa wavunaji, anasema kilio cha wavunaji hao kimeingia masikioni mwa Bwana. Kwake, anayesema Bwana akipenda hawezi kunyamaza mbele ya anayempunja mkulima. Mizani ya mnunuzi wa alizeti inayodanganya ni jambo la mkesha. Lumbesa, gunia linalojazwa kupita kipimo, ni jambo la mkesha. Iombewe, na isemwe kwa sauti, mnunuzi mwenyewe akiwa amekaa benchi la mbele.

Hapo ndipo ninapofikia sadaka, na naomba wachungaji wanisome kwa upendo, kwa kuwa naandika kwa upendo. Siku hizi Januari imekuwa mwezi wa malimbuko. Waumini wanafundishwa kuleta mshahara wa kwanza wa mwaka, au pato la kwanza, bila kubakiza kitu, ili mwaka uliobaki ufunguke. Mafundisho hayo yalizaliwa mijini, kwa watu wa mishahara, yakasafiri kwa redio na simu mpaka vijijini. Fikiria yanavyofika Ikungi. Januari hakuna aliyevuna kitu. Ghala linaelekea mwisho, palizi inahitaji vibarua, na shule zinafunguliwa. Ni kweli ada iliondolewa mwaka 2016 kwa shule za serikali mpaka kidato cha nne, na jambo hilo lilifungua milango kwa watoto wengi wa huku. Lakini mtoto aliyechaguliwa kidato cha kwanza bado anahitaji sare, viatu, madaftari, godoro akiwa anakaa hosteli. Mama wa aina hiyo akisikia malimbuko, anauza nini? Anauza kuku waliobaki, au anauza mbegu ya alizeti aliyokuwa anataka kurudishia pale penye mapengo.

Kumbukumbu la Torati sura ya 26 inaeleza malimbuko yalivyokuwa. Mtu analeta sehemu ya mazao ya kwanza ya nchi, katika kikapu, baada ya ardhi kutoa. Anasimama mbele ya madhabahu na kusimulia historia: babu yake alikuwa mtu wa kutangatanga aliyeshuka Misri na watu wachache, wakateswa, wakalia, Mungu akasikia, akawaleta katika nchi hii. Kisha anafurahi pamoja na Mlawi na mgeni aliye kati yao. Mgeni analishwa. Mambo mawili ni wazi. Shukrani inafuata mavuno, haiyanunui. Na kikapu kinaishia kwenye karamu ambamo asiye na shamba anakaribishwa. Wazee wetu Walutheri walilielewa hili walipoweka Sikukuu ya Mavuno baada ya watu kuvuna, madebe ya mtama na mabeberu yakaletwa mbele ya altare na kunadiwa kwa nyimbo. Ikungi inapaswa kuilinda sikukuu hiyo kwa wivu na kuiacha Januari ipumue.

Basi mkesha ufanye nini? Nina mawazo, nayo si mapya.

Wamoravian wa zamani walikuwa na desturi ya kusoma usiku wa kufunga mwaka kumbukumbu za usharika: nani alizaliwa, nani alibatizwa, nani alioa, nani alizikwa, mvua ilikuwaje, vita vilifika wapi. Mahali pengine wanafanya hivyo hadi leo. Natamani kusikia kumbukumbu kama hiyo ikisomwa Ikungi, majina kwa majina, bila haraka. Watoto waliozaliwa. Kijana aliyekwenda Dar es Salaam kutafuta maisha na hajapiga simu. Aliyefukiwa na kifusi katika machimbo madogo ya dhahabu. Mzee aliyeacha pombe. Mjane aliyenyang'anywa shamba na shemeji zake, na kama kanisa lilimsaidia au lilikaa kimya. Usharika ukijisikia ukisomwa hivyo mbele za Mungu, shukrani itakuwa na miguu, na toba pia. Ni rahisi kumshukuru Mungu kwa mwaka ambao hukuutazama.

Wamethodisti, ambao Afrika Mashariki wako tangu 1862 walipofika pwani ya Kenya, wana ibada ya kufanya upya agano. Wesley aliianza London mwaka 1755, na sasa makanisa yao mengi huiadhimisha mwanzoni mwa mwaka. Katika ibada hiyo muumini anajitoa kwa Mungu atumike au awekwe kando, awe na kitu au awe mtupu, na anayasema hayo bila kujua ni lipi litampata. Kwa masikio yaliyozoea mwaka wa kuinuliwa, maneno ya namna hiyo yanatisha. Lakini ni sala ambayo Julai haiwezi kuiaibisha. Mtu aliyeisali Januari anaweza kuisali tena shamba likiwa limekauka, wala hana deni la kumdai Mungu.

Kuna pia wanaokesha usiku huo bila kwaya. Hospitali ya Makiungu, katika wilaya hiihii, iliwekewa msingi na masista wa shirika la Medical Missionaries of Mary waliofika miaka ya 1950. Shirika lao lilianzishwa mwaka 1937 na Marie Martin, mwanamke wa Ireland ambaye afya yake ilimsumbua kwa miaka mingi kabla hajaona kazi aliyoitiwa ikianza. Usiku wa Desemba 31 wakunga na wauguzi wa pale wako zamu. Mtoto hangoji kalenda. Sidhani yupo kati yao anayejua mwaka utamletea nini mama aliyelazwa mbele yake, na hawaachi kunawa mikono na kuanza kazi. Mkesha wao ukumbukwe katika mkesha wetu, na pakipatikana sadaka ya usiku ule, sehemu yake ivuke barabara iwafikie wagonjwa wasio na wa kuwaletea uji.

Jambo la mwisho ni la Februari, na ndilo ninalolitamani kuliko yote. Katika nchi yetu ya mvua chache, mara nyingi jua huja kukaa katikati ya msimu, mwishoni mwa Januari au Februari. Mahindi yanasokota majani. Alizeti iliyochelewa inadumaa. Mabango ya mkesha yamekwisha kupauka, mhubiri mgeni amerudi mjini kwake, na mtu amebaki na shamba lake na swali lake. Wakati huo kanisa haliwi na ratiba yoyote maalumu. Liwe nayo. Wazee wa kanisa, jumuiya ndogondogo, umoja wa wanawake na vijana watoke kwa zamu, waende shamba kwa shamba, wa dhehebu hili na lile pamoja, na majirani Waislamu wakipenda kuungana nao wakaribishwe. Waangalie nani mbegu yake imekufa, nani anapalilia peke yake huku ananyonyesha, nyumba gani haiwashi moto mchana. Fedha ya mahema, jenereta na vipaza sauti vya usiku mmoja inatosha kununua madebe mengi ya mtama na uwele unaokomaa haraka, wa kurudishia ardhi ingali na unyevu. Daftari la nani kapewa na nani karudisha baada ya mavuno likae kwa mhazini wa usharika, lisomwe usiku wa Desemba 31 pamoja na majina ya waliozaliwa na waliozikwa. Halmashauri za makanisa hupanga bajeti zao mwishoni mwa mwaka. Naomba kifungu hicho kiwekwe kabla ya kile cha mkesha.